Radhi Niliyompa Kaka Mrisho

Mtaa wa Miyomboni,
Iringa.
14 Septemba 2025

Mpendwa Dada Mwanakhamisi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na Shemeji Obeid, na lile goti lako limetulia tangu uanze kuchomwa sindano. Huku kwetu hatujambo. Baridi ya mwaka huu ilitukaza kwelikweli, mpaka leo asubuhi naenda dukani na masweta mawili, lakini vitenge vinatoka na kula tunakula, alhamdulillahi. Mwanangu Anwari amepata kazi ya kufundisha sekondari kule Mafinga. Kila Ijumaa anakuja kumwamkia mama yake na fuko la nguo chafu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye kundi letu la familia Kaka Mrisho yumo, na hata nikikuandikia peke yako nakujua, Dada, wewe kidole chako hakina subira, unasambaza kabla hujamaliza kusikiliza. Basi nimempa barua Ibrahimu, jirani yangu wa dukani, anayekuja huko kufuata mzigo. Isome ukiwa peke yako.

Zile picha za Mrisho na mkewe Asmaa nimeona umeziwekea maua na hongera. Mrisho na miwani ya jua, kaegemea Landkruza yenye hema juu ya paa, na ubavuni imechorwa dunia nzima na maneno "Mrisho na Asmaa, Kuzunguka Dunia". Sikulaumu. Hukujua yaliyotangulia, na ndiyo maana nakuandikia uyajue.

Mwezi wa saba walikuja hapa kwa basi kutoka Mbeya. Mrisho amevaa kanzu na koti, Asmaa kajitanda vizuri, wamekaa mkekani kwa adabu hata nikaona haya ya chai yangu ya rangi. Mrisho akanishika mikono yote miwili. "Batuli, nimekuja kuomba radhi. Tunaondoka safari ndefu, na Makka tutafika inshallah. Nisamehe ninalolijua na nisilolijua." Kumbe alikwisha pita nyumba zote Mbeya, akaenda mpaka Rujewa kwa shangazi, akapita hata kwa watu aliogombana nao alipokuwa kazini Mgololo.

Wewe umekulia huku, Dada. Mtu mzima, kastaafu, anapita mlango kwa mlango na kanzu yake kuomba radhi. Anakwenda wapi huyo? Sisi tangu kwa wazee wetu hatumjui mwingine wa namna hiyo ila anayekwenda hija. Ni kweli hija ya mwaka huu ilikuwa imekwisha pita, na jirani yangu Yudith, Mkristo wa watu, ndiye aliyeniuliza mbona anaondoka mapema hivyo. Nikamjibu kwamba anakwenda kwa gari, atafikia kwako Maskati na kusubiri msimu. Jibu hilo hakunipa mtu. Nililitunga mwenyewe palepale, na kesho yake nikawa nalitangaza mtaa mzima.

Sasa nikwambie nilichomsamehe, maana ulikuwa mbali na ulisikia upande wake tu. Siku Mama alipofariki nyumbani kwa Mrisho, mwaka 2016, nilipigiwa simu baada ya alfajiri. Nilipanda basi la kwanza. Tulipofika Makambako Mrisho akanipigia kwamba wanazika adhuhuri. Nikamwomba anisubiri masaa mawili, nimwone Mama uso. Akasema maiti hacheleweshwi. Nikamwambia simwombi mpaka kesho, naomba masaa mawili. Akasema atazungumza na wazee. Tulipofika Igurusi Asmaa akaniambia kwenye simu kwamba wanaume wamekwisha rudi makaburini. Nilifika Mbeya saa tisa kasoro, nikakuta watu wanakula.

Sikusema neno siku ile. Miaka tisa sikusema. Nilikuwa nampigia Mrisho simu za Idi, namuuliza watoto, namcheka akitania, na lile jambo limekaa kifuani palepale. Hakuwahi kulitaja, na hata siku ile mkekani hakulitaja. Lakini nilijiambia mtu anakwenda kusimama mbele ya Nyumba ya Mungu, mimi ni nani hata nimfungie njia? Nikamwambia nimekusamehe duniani na akhera. Nililia, Dada, na kwa kweli nilipata wepesi. Wiki mbili nzima nilikuwa mtu mwingine, hata wateja waliniuliza nimepata nini.

Basi nikaandaa dua ya kuwaaga, kwa kuwa walisema watapita Iringa siku ya kuondoka. Nilipika pilau sufuria mbili, Yudith akakatakata vitunguu huku analia na kucheka. Watoto wa madrasa walikuja na dufu. Anwari aliandika karatasi ya majina ya watu wanaotaka kuombewa kwenye Kaaba, yakafika arobaini na tatu, la Mama juu kabisa. Yudith naye aliandikisha jina la mumewe, akasema Mungu ni mmoja.

Ndipo likaja hilo gari. Mrisho akashuka na suruali ya mifuko mingi na fulana yenye picha yake mwenyewe, Asmaa na kofia ya jua, kashika simu kwenye kijiti anaturekodi. Watoto wa madrasa waliacha kupiga dufu. Maalimu wao alisoma ubavu wa gari kimyakimya, kisha akanitazama mimi. Nyuma ya gari kulikuwa na viti vya kukunja, jiko la gesi na baiskeli mbili. Yudith akaninong'oneza, "Dada Batuli, mbona huyu haji wetu anaenda kutalii?"

Nilimvuta Mrisho uani. Nikamuuliza hija iko wapi. Akanishangaa kweli, Dada, hakuwa anajifanya. "Mimi nilitaja hija? Nani alinisikia? Nilisema safari ndefu, na Makka tutapita, umra tutafanya." Nikamuuliza kwa nini basi alipita kuomba radhi kama haji. Akasema, "Safari ni safari, Batuli. Miaka miwili barabarani, gari linaweza kunipindukia Nairobi hapo. Nife na madeni ya watu moyoni?" Yote aliyosema ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angenidanganya ningekuwa na pa kushika.

Basi dua ikasomwa, pilau ikaliwa, karatasi ya majina akapewa akaitia kwenye kijidroo cha gari, juu ya biskuti. Ile video uliyoiona nikijifuta macho na khanga, wameandika chini yake "machozi ya furaha". Asmaa alikuwa ananiambia, "Wifi, tabasamu kidogo." Watu elfu nne wameitazama.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Maalimu kumuuliza kama radhi inaweza kurudishwa. Aliniuliza kama nilipoitoa nilitaja masharti yoyote. Nikasema hapana. Akasema basi imekwenda, na thawabu yangu iko kwa Mungu. Kwa hiyo Mrisho anazunguka dunia na msamaha halali mfukoni, wa jambo ambalo hata hakumbuki kulifanya, na mimi nimebaki na sufuria za kusugua. Nina hasira, Dada. Nasema wazi kwa sababu ni wewe. Ningemsamehe mtu aliyekuja kuniambia "Batuli, sikukungoja, nilikosa". Huyo ningempa hata bila Makka.

Mambo mengine ni ya kawaida. Paa la nyumba ya Mbeya limevuja chumba cha Mama, na mpangaji analalamika kwangu kwa kuwa mwenye nyumba yuko mbugani anapiga picha za twiga. Shangazi wa Rujewa amevuna mpunga wa kutosha, ameniletea gunia, na mpaka leo anawaambia watu mwanawe Mrisho yuko njiani kwenda kuhiji. Sijamsahihisha.

Juzi walikuwa Moyale. Wanasema mwezi wa kumi na mbili watakuwa kwako. Mpokee kama ndugu, mpikie, umlaze pazuri, sikutumi ugomvi. Ila umuulize ile karatasi ya majina iko wapi. Akikuonyesha, nipigie simu uniambie. Asipoionyesha, usinipigie.

Nisalimie Shemeji Obeid na binti yenu Yusra, mwambie khanga alizoagiza nimemtilia kwenye mzigo wa Ibrahimu. Yudith anakusalimu, anasema zile tende za mwaka juzi bado anazikumbuka. Mwenyezi Mungu akupe afya ya goti na ya roho, atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Nilitaka kutia sahihi hapa, lakini kuna jambo nimekuwa nalikwepa tangu mstari wa kwanza. Mwezi uliopita nilipimwa kwa sababu ya pumzi kunikata nikipanda ngazi. Daktari anasema moyo umepanuka, na amenipa dawa za kumeza maisha. Hakunificha kwamba maisha yenyewe huenda yasiwe marefu. Mrisho hajui, na nakuomba usimwambie. Akiambiwa huenda akageuza gari, na huenda asigeuze, na hilo la pili sitaki kulijua.

Nilimwita Anwari nikamwambia siku yangu ikifika wanizike mara moja, wasimsubiri mjomba wake. Aliinamisha kichwa, akakubali. Nilikaa na neno hilo siku nne. Ijumaa iliyopita nikamwita tena, nikamwambia abadilishe. Wampigie simu popote alipo, na wamsubiri masaa mawili. Najua hayatamfikisha hata uwanja wa ndege. Lakini ndiyo niliyomwomba mimi, na mimi nataka ayapewe.

Mdogo wako akuwekaye moyoni siku zote,
Batuli