Sabufa Juu ya Kochi

Jumapili, Kibiti

Sabufa imekalia kochi, mwenye nyumba anatambaa sakafuni. Ndiyo ndoa yangu hiyo.

Mume wangu Rajabu kasoma mtandaoni kwamba ukitaka kujua sabufa ikae wapi, uiweke pale unapokaa wewe, kisha utambae kila kona ukisikiliza besi. Basi leo mchana kaiwekea mngurumo mtupu wa besi, katambaa, macho kafumba, mimi nyuma yake na simu inayopima sauti, kama yaya.

Mama mkwe akaingia kutoka Ruaruke. Hodi yake hatukuisikia. Alipomwona Rajabu, akanigeukia mimi: "Umemlisha nini mwanangu?"

"Anapima besi, mama."

Nyuma ya mlango Rajabu akapiga kelele: "Hapahapa! Besi imetulia!" Nikatazama simu, namba zimepanda. Nikasema kweli, imetulia.

"Umeme umekatika nikivua viatu," mama akasema. "Hiyo inayonguruma ni mashine ya dizeli ya jirani, anasaga unga."

Nikatazama juu. Feni imesimama.

Kesho Ruaruke nzima itaambiwa nimemlisha kitu. Naogopa, sikatai. Lakini hakuna atakayeuliza mimi nimelishwa na nani, niliyesifia besi ya mashine ya kusaga.