Senene Ambao Mama Hajawahi Kuonja

Kibeta, Alhamisi usiku

Ndugu wapiganaji, ingawa mkutano mzima ni mimi na kalamu: leo nimetukanwa na kompyuta.

Nimepekua kanzidata ya ng'ambo ya peptidi, vile vipande vya protini vyenye kazi mwilini. Maziwa ya ng'ombe yamo. Ngozi ya chura imo. Nikaandika jina la kisayansi la senene, wale panzi wa kukaanga, chakula chetu cha heshima. Hakuna matokeo. Nani aliamua kwamba chura anastahili ukurasa na sisi hatustahili?

Nikampigia mama, aliye kijijini Ijumbi, nikiwaka. Peptidi nyingine huwa chungu, hivyo nikamuuliza ni senene yupi mwenye uchungu, wa kijani au wa kahawia.

Akacheka. "Muulize baba yako, mwana wange. Mimi nanyonyoa mabawa na kukaanga tu. Sisi wanawake tulikatazwa na mila kuwala. Kompyuta yako haijakuambia?"

Maisha yote anakaanga, hajaonja! Na mimi hasira zote nilizielekeza ng'ambo.

Mkutano ujao ni Jumamosi, saa sita mchana, jikoni kwa mama. Nitakaanga mimi. Sahani ya kwanza ni yake, na baba atasubiri.