Mti Niliouhamisha

Jumatatu, 3 Novemba

Maji alama ya nne. Picha nimepiga, nimetuma. Imeenda.

Upande wa mbele wa daftari hili ni wa Amina, ule wa namba. Upande wa nyuma ni wangu. Hausomwi na mtu.

Nimechota madumu mawili, nimerudi. Kila asubuhi ni hivi tangu Amina, binti wa Kiorma wa mradi wa mafuriko, aje kijijini kwetu Hewani na simu na ule mti wake wa kupimia maji, wenye mistari myeupe na myekundu, akauchimbia mtoni, akanionyesha jinsi ya kuupiga picha. Picha inakwenda ofisini kwake Garsen, halafu inakwenda nje, nchi sijui ngapi. Huko kuna mashine inayofikiri. Inaangalia maji yangu kisha inatupigia simu sote kwa Kipokomo. Kijani, kaeni. Manjano, jiandaeni. Nyekundu, tokeni. Kipokomo kizuri tu, ila kama cha mtu mwenye mafua.

Binti yangu Eunice yuko ng'ambo ya mto shambani, anaamia ndege wasile mpunga. Analala huko huko juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia, na mtoto wake wa miezi minne. Alichelewa kupanda, sasa ndiyo mpunga umeanza kuinama. Mumewe yuko Mombasa kwa mjengo. Nina wasiwasi. Mimi hata pasipo na kitu nina wasiwasi, najijua.

Jumatano, 5 Novemba

Mkutano Garsen. Gari la mradi lilikuja kutuchukua. Nimevaa kitenge cha Pasaka.

Wageni wa nchi nyingi. Wengine weupe, wengine weusi kama sisi lakini Kiswahili hawana. Ukutani wametundika kitambaa kirefu, nimenakili kilivyoandikwa: USHIRIKIANO WA KIMATAIFA KWA AKILI MNEMBA YENYE UWAJIBIKAJI NA MAENDELEO ENDELEVU. Nimesoma mara tatu. Neno moja moja nalipata kidogo. Yakikaa pamoja yananikimbia.

Mama mmoja mgeni alizungumza, mkalimani akageuza kwa Kiswahili. Nchi hii imeleta mashine. Ile imeleta jicho la angani la kuutazama mto. Nyingine imeleta fedha. Na sisi watu wa Tana tumeleta maarifa. Nikajiuliza nimeleta maarifa gani mimi niliyeishia darasa la tano.

Halafu mzee mmoja mfugaji, Muorma, akainuka na fimbo yake. "Mashine yenu ikidanganya, ng'ombe wangu wakaenda na maji, mimi nitamshika nani shati?"

Watu tulicheka. Wageni hawakucheka, waliandika. Wakajibu maneno marefu, kwamba uwajibikaji ni wa wote. Mzee akakaa, akaniinamia mimi niliyekuwa jirani yake. "Mama, kitu cha wote ni cha nani?"

Nikamsogezea nafasi ya kulaza fimbo yake.

Amina alinisimamisha. "Huyu ndiye Mama Eunice, macho yetu Hewani." Wakanipigia makofi. Niliona aibu na furaha pamoja. Pilau ilikuwa na nyama ya kutosha.

Ijumaa, 7 Novemba

Maji alama ya nne na nusu.

Lakini mto si ule. Maji ni mekundu, mazito, yanashuka na magogo yenye majani mabichi. Jani bichi maana yake mti umeng'olewa juzi tu, juu huko. Hapa kwetu hata tone la mvua hakuna. Viboko wamepanda, wamevunja migomba ya jirani. Siafu wanahamia paa la jiko.

Simu imelia saa nne. Kijani, kaeni.

Nimechanganyikiwa. Macho yananiambia hivi, mti unaniambia vile, simu inaniambia vile vile kama mti. Wawili kwa mmoja. Mimi ndiye mmoja.

Nimempigia Eunice. Nikamwambia, mwanangu, njoo nyumbani kwanza.

"Mama, simu imesema kijani."

Nikasema simu haioni magogo.

"Si ni wewe unayeipa habari? Sasa unajikataa mwenyewe?" Akacheka. "Nikiondoka siku mbili tu hawa ndege kwera wananimalizia mpunga wote. Lala, mama."

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekumbuka.

Mwezi wa nane mamba alimchukua mbuzi wa jirani, pale pale karibu na mti wa Amina. Mti ulikuwa kwenye maji ya kina, nje ya boma letu. Boma ni lile la miti tuliyoichomeka mtoni sisi wanawake, tukichota tuwe ndani, mamba abaki nje. Baada ya yule mbuzi nikauchomoa mti wa Amina, nikauleta ndani ya boma. Mwanamke yeyote wa hapa angefanya hivyo. Hakuna mwenye akili anayesimama nje ya boma kila asubuhi kwa ajili ya picha.

Sikumwambia mtu. Sikuona kama ni jambo. Niliona mto ni mmoja, maji ni yale yale.

Lakini ndani ya boma tumejaza mawe na udongo tusizame kwenye tope. Chini yake kumeinuka. Mti ukisimama juu ya mawe unaonyesha maji machache.

Miezi mitatu nimekuwa nikiidanganya mashine. Nami nilikuwa naogopa mashine itatudanganya sisi.

Sijampigia Amina. Naogopa. Atafukuzwa kazi kwa ajili yangu. Na wale wageni walionipigia makofi watasemaje?

Labda nimekosea kufikiri. Maji alama ya tano leo. Kijani.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani sikusikia neno hata moja. Nilikuwa nikiwaza dungu la Eunice lilivyo fupi.

Baada ya ibada nikamwomba jirani yangu Mama Buya anishikie mtumbwi. Nikachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, nikauzamisha pale mti ulipokuwa zamani. Nikafunga uzi maji yalipofika. Kisha nikaulaza upondo sambamba na mti wa Amina, nikahesabu. Mti unasema tano na nusu. Upondo unasema tisa na zaidi.

Nyekundu inaanzia nane.

Nikampigia Amina pale pale, miguu majini. Nikamweleza yote.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Nikasema hukuniuliza. Nikasema pia nisamehe.

"Mashine ilidhani mto umeshuka. Miezi yote hii inajifunza hivyo."

"Basi iambie imekosea."

"Mimi siruhusiwi kuibadilisha. Lazima wakubali kule nje, watu wawili watie sahihi. Na leo kwao pia ni Jumapili."

"Na jicho la angani je?"

"Mawingu, mama. Huko juu kumefunga wiki nzima. Mashine ilikuwa ikiutegemea mti wako tu."

Hasira ikanipanda, sijui kwa nani. Nchi zote zile, na kinachotegemewa ni mti, na mti nimeuhamisha mimi. Nikamwambia, "Nyinyi Waorma ng'ombe akipotea mnangoja sahihi?"

Akavuta pumzi. Kisha akacheka kidogo, cheko la kutaka kulia. "Hapana. Tunapiga kelele."

Akakata. Mpaka jioni watu walikuwa wakiniambia Amina amewapigia, mmoja mmoja, kwa sauti yake mwenyewe. Wengine wamehama. Wengine wamesema wanangoja simu ya mashine, hiyo ndiyo ya serikali.

Eunice ni wa hao wa pili.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimevuka asubuhi na Mama Buya. Mto unavuta vibaya.

Shamba la Eunice ni zuri. Lazima niandike hilo. Mpunga umesimama sawa, suke limejaa, bado wiki mbili labda. Maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye mfereji wa chini, kimya kimya.

Nikamwambia kosa ni langu, mti niliuhamisha mimi, kijani ni cha uongo.

"Ina maana nilikuwa nimelala juu ya uongo wako."

Ndiyo, nikasema.

"Basi na huu wasiwasi wako wa leo nitajuaje si uongo mwingine? Siendi. Nimelima hapa na mimba, mama. Siachi."

Hakuwa na makosa. Mimi mwenyewe nisingejiamini.

Mtoto alikuwa amelala juu ya dungu. Nikapanda, nikamfunga mgongoni, nikashuka, nikaenda mtumbwini bila kugeuka. Eunice akanifuata akipiga mayowe. Ameniita mwizi. Ameniita mchawi. Mbele ya Mama Buya. Akaingia mtumbwini kwa sababu ya mwanawe, si kwa sababu yangu. Hakuchukua hata sufuria.

Tumefika. Saa tisa simu ikalia. Nyekundu, tokeni. Sahihi zimepatikana.

Jumanne, 11 Novemba

Maji.

Kutoka hapa juu, kwenye mwinuko tulikohamia jana jioni, dungu halionekani. Shamba halionekani. Watu wetu wote wamehesabiwa, wapo, Mungu ni mwema. Mbuzi wengi hawapo.

Eunice ameketi amenipa mgongo. Ananyonyesha.

Alhamisi, 13 Novemba

Amina amefika kwa boti ya uokoaji, buti za mpira mpaka magotini. Nilidhani amekuja kuchukua simu yao. Nilikuwa nimeshaifuta na kuifunga kwenye leso.

Hakuichukua. Amesema wale wa nje wanataka kuzungumza nami kwa video. Tukapanda mahali penye mtandao. Yule mama mgeni wa Garsen alitokea, macho mekundu kama hajalala. Amina akageuza. Wanasema asante. Wanasema kosa si langu peke yangu, maana walipochagua mahali pa mti hawakuuliza wanawake wanachota wapi. Wanasema wataandika sheria mpya, mtu wa hapa aweze kubadilisha rangi bila kungoja sahihi. Wanataka mimi niwe kwenye kamati.

Sielewi. Nimekosea, wananishukuru. Nikikumbuka yule mzee, hapa shati la nani lishikwe? Langu lipo. La Amina lipo. La yule mama limo ndani ya simu, halishikiki.

Nikauliza swali moja tu. Mpunga wa Eunice nani ataurudisha?

Amina aligeuza. Yule mama aliinamisha kichwa. Akasema atauliza.

Nimekubali kamati. Sijui kama nimefanya vizuri.

Jumatano, 26 Novemba

Maji yanarudi mtoni. Tope kila mahali, harufu ya samaki waliokufa.

Hakuna jibu la mpunga.

Eunice alivuka leo na Mama Buya, akaniachia mtoto. Nilidhani atalia huko na kurudi mikono mitupu. Amerudi alasiri na kikapu. Kipande cha juu cha shamba, upande wa mwinuko, kilisimama. Masuke machache, mengine mabichi. Ameyakausha motoni, ameyatwanga mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Wali haukujaza hata sufuria ndogo. Una harufu ya moshi.

Alipakua sahani mbili. Akaitazama yangu, akaitazama yake. Akachukua kijiko, akaniongezea kutoka sahani yake.

Tumekula.