Sauti ya Mama Mwishoni mwa Albamu ya Kiponda

Gongoni,
Malindi.
Jumanne, 10 Septemba 2024.

Mpendwa kaka Ngala,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Doha, joto limepungua na ule mgongo umekuachilia. Sisi huku tu wazima wa kutembea. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na maneno ndiyo kidogo zaidi. Mahamri yangu bado yanatoka hapa stendi ya bodaboda, namshukuru Mungu.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Nitampa Abdulghani wa Mambrui, aliyekuja likizo kutoka huko, akuletee mkononi. Bahasha nitaibandika gundi kisha niishone kwa uzi mwekundu, na ukikuta uzi wa rangi nyingine ujue imesomwa njiani. Simu siziamini tena, na sababu utaiona.

Unamkumbuka Kiponda, mtoto wa jirani yetu Mapenzi? Yule aliyekuwa akisukuma toroli la chumvi mpaka nyayo zikapasuka? Sasa ni mwanamuziki wa kufoka. Anajiita Munyu Mkali, kwa ajili ya ile chumvi, na mwezi uliopita ametoa albamu yake ya kwanza, ameiita Nyufa, nyimbo kumi na mbili. Wala si kufoka kwa kubembeleza wasichana. Ni kufoka kwa mishipa ya shingo, kama mtu anayegombana na ukuta.

Kila mtu hapa ana maoni. Chengo wa bodaboda anasema huyo ndiye wa kwanza kutusemea sisi, na ule wimbo wa tatu, wa miguu ya vibarua, anaucheza kuanzia stendi mpaka Ngomeni na abiria atake asitake. Vibarua wa chumvi nao huupiga mluzi msimamizi akipita, naye hajui anapigiwa nini. Swafwan, kinyozi wa Mambrui, ameupiga marufuku dukani mwake kwa ajili ya matusi. Kibibi, anayekuja kununua mahamri, husema kijana yule amelaaniwa, kisha nikimfungia mahamri namsikia anaimba beti nzima bila kukosea hata neno.

Binti yangu Janet hunisomea simuni wanayoandika watu wa mbali. Mmoja ameandika kwamba tangu azaliwe hajasikia ukali wa namna hii. Mwingine anasema ni kelele za njaa. Lakini wengi wanauliza jambo moja tu, nalo ndilo lililoninyima raha mpaka nikashika kalamu: ni nani yule bibi anayelia katika wimbo wa mwisho? Mmoja amebisha kuwa si mtu, ni kompyuta.

Kaka, si kompyuta. Ni mama.

Ni wimbo wa kilio wa nyumba ya mama, ule aliourithi kwa bibi. Wewe unajua kama nijuavyo kwamba hauimbwi ila kuna maiti ndani. Ukiimbwa bure, unaita mtu. Nilipousikia mara ya kwanza, pikipiki ya Chengo imesimama mbele ya meza yangu, nilisikia mstari mmoja tu. Niliziba masikio kwa mikono yenye unga nikamwambia azime. Tangu siku hiyo sijausikia, wala hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyekubali kuusikia. Tunakimbia mstari wa kwanza.

Yaliyofuata ni mabaya. Alipofariki mkewe mzee Jefwa kule juu, mama alikwenda kuongoza kilio kama desturi. Wakamkalisha nyuma, na kilio akapewa mwingine. Fikiria, mama, aliyewalilia wazee wote wa hapa, anakalishwa pamoja na wageni! Nililia kwa hasira. Sasa baba mdogo Ngowa ameitisha kikao Jumamosi. Wanataka kumjua aliyeutoa wimbo nje, na akijulikana, hataitwa tena kwenye maziko ya ukoo, wala yake hayatahudhuriwa.

Mama akiulizwa, kimya. Kiponda nilimwendea mwenyewe nikamuuliza sauti aliipata wapi. Akatazama chini akasema, "Shangazi, nilikatazwa kusema." Alikatazwa na nani? Mtu asiye na la kuficha hakatazi mwenzake kusema.

Basi nikaanza kuhesabu watu. Nilimshuku Linet, mke wa mdogo wetu Mwaro, kwa kuwa aliwahi kuazima simu yangu siku mbili, na tangu albamu itoke ameshona nguo mpya. Nikamshuku fundi wa simu aliyenibadilishia kioo. Nilimshuku hata Mapenzi, kwamba alijificha nyuma ya nyumba na simu siku tulipomzika baba. Nimeacha kuwatumia kina Mapenzi chumvi na wao wamekoma kuomba kiberiti. Lakini kila nikihesabu narudi palepale, na nitakuambia bila kuzunguka, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka juzi, mwajiri wako alipokunyima ruhusa ya kuja kumzika baba, mimi nilificha simu ndani ya leso nikamrekodi mama akilia, nikakutumia ili nawe uwepo. Mama hakujua. Ile sauti ilikuwa kwenye simu mbili duniani, yangu na yako. Yangu sijampa mtu.

Kaka, uliiuza? Au ulimpa Kiponda kwa kujionyesha tu, kwamba nawe una chako cha kutoa? Nauliza kwa sababu mna mawasiliano, usikatae. Watu wa Doha huandika sana chini ya nyimbo zake. Tena kuna jambo ambalo hulijui: kila jioni Janet akishika simu, mama, ambaye hasemi na mtu, humuuliza neno moja, "Na wa Doha wamesemaje?" Janet humsomea. Mama husikiliza, kisha huingia ndani. Ameshakushuku. Mama haulizi ovyo.

Na wewe tangu mwezi wa tatu simu zake hupokei. Unatuma tu sauti fupi, "niko kazini," kama mtu anayejibu mlango bila kufungua. Mwenye dhambi ndivyo afanyavyo.

Ijumaa, 13 Septemba.

Kaka, hayo ya juu niliyaandika Jumanne nikakusudia kushona bahasha. Sikushona. Sitayafuta pia, uyasome uone dadako alivyokuwa amekuvisha wizi usioujua, na unisamehe.

Jana Abdulghani alikuja kuchukua barua. Akaniambia yeye ameusikia wimbo wote, kwa kuwa yeye si wa ukoo wetu na haumdhuru. Akaniuliza, "Dada Jedida, kwani Ngala ana nini?" Nikamwambia ana lawama, nikamsimulia yote. Akatikisa kichwa. "Hujausikiliza," akasema. "Usikilize mpaka mwisho kisha ndiyo unipe barua."

Nilikaa nyuma ya jiko nikiwa na simu ya Janet. Mstari wa kwanza ukapita, sikufa. Kiponda akafoka beti zake mbili, za vijana wanaoondoka na kina mama wanaobaki wakipepeta mchele wa mtu mmoja. Halafu akanyamaza, ngoma ikanyamaza, akabaki mama peke yake. Akafika pale pa kumwita marehemu kwa jina. Nilingoja jina la baba.

Hakumwita baba. Alikuita wewe. Ngala. Mara tatu.

Kwa hiyo haikuwa rekodi yangu wala yako. Linet hakuiba, fundi hakuiba, Mapenzi hakujificha popote. Niliwashuku watu wote hawa kwa wimbo ambao sikuufikisha hata nusu. Wazee nao wanataka kuuhukumu, na hakuna hata mmoja wao aliyeusikiliza.

Nilimwendea mama akichambua mbaazi. Nikamwambia nimesikia. Hakushtuka. Akasema, "Simu zangu hapokei. Janet alisoma, kabla ya albamu, kwamba nyimbo za kijana huyu zinafika Doha, watu wa huko wanazisikiliza. Nikamwendea, nikamwambia aniweke mwishoni, na asimwambie mtu." Nikamuuliza kwa nini wimbo wa kilio, mama, jamani, nyimbo zimekwisha? Akanitazama. "Miaka tisa hajarudi, Jedida. Babake amezikwa hayupo. Mtu asiyekuja kwenye kilio utamlilia kwa wimbo gani?" Kisha akaniambia nimsogezee ungo.

Kesho kwenye kikao atasema mwenyewe kwamba ndiye aliyeutoa. Nimemsihi asiseme, amekataa. Baba mdogo Ngowa nimemdokezea leo. Akasema kwamba nyumbani kwa bibi kulikuwa na njia ya kuurudisha wimbo alioimbiwa mtu aliye hai: mtu huyo aje mwenyewe, asimame mlangoni, anywe maji katika kiganja cha aliyemlilia. Hapo wimbo unarudi ndani, na mwimbaji anarudi mbele ya wenzake. Asipokuja, mama atakaa nyuma mpaka siku tutakapomlilia yeye, na sijui ni nani atakayeongoza.

Sasa mama anapouliza wa Doha wamesemaje, najua anachongoja. Jioni ya leo Janet alimsomea mmoja wa huko aliyeandika kwamba bibi amemkumbusha kwao. Mama akauliza, "Ameandika jina?" Hakuwa ameandika.

Linet nimempelekea mahamri ya moto. Alinitazama kwa shaka, na ana haki. Yeye na Mwaro wanakusalimu, na shangazi Kache, na Mapenzi, na Janet anayesema umletee viatu. Msalimie kila mtu wa kwetu aliye huko. Mungu akufunike penye jua hilo, akufungulie mkono wa huyo mwajiri wako, akupe njia ya kurudi ukiwa na miguu yako mwenyewe.

Abdulghani anangoja mlangoni, naishona sasa. Wimbo usikilize, kaka, wala usikimbie mstari wa kwanza kama sisi. Baada ya jina lako la tatu pana kimya kirefu. Watu wanabishana juu yake. Wengine wanasema ni kosa la mitambo, wengine wanasema ni ufundi. Nimemuuliza Kiponda. Amesema alitaka kupaziba kwa ngoma, mama akamshika mkono, akamwambia, "Paache hapo. Ndipo atakapoitika."

Dadako akupendaye, hata alipokushuku,
Jedida