Zulia la Ndani ya Gari

Mjukuu wangu Nasra, assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi; khalati yako, ndugu wa mama yako, kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza gari kuukuu la Kimarekani la milango miwili lina nini hata watu waligombanie. Mie nilipelekwa nalo kwa mume, hapa Maskati, tulipokuwa tumetoka Unguja juzijuzi. Ndani zulia jekundu tupu, subhanallah! Mama na mie tukavua viatu kabla ya kupanda, kama mlangoni pa nyumba, tukaviacha njiani.

Tulipofika kwa wakwe, Mama akashtuka: "Ole wetu! Watasema wa Unguja hawana hata viatu!"

Mwenye gari, tajiri jirani yetu aliyekuwa akituendesha, hakucheka. Alivua vyake, akatukunjia kiti tushuke, akatangulia pekupeku juu ya mawe ya moto. Wakwe wakadhani ndiyo adabu ya gari lile, nao wakavua.

Allah akuhifadhi, mwanangu.

Bibi yako