Mjomba Engebret Hakuwahi Kushika Unga

Sanduku la Posta 41,
Nordby, Minnesota.
21 Novemba 1993.

Mpendwa mwanangu Arvid,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako mdogo, ambaye bado anatembea kwa miguu yake mwenyewe ingawa goti la kushoto limeanza kuleta ubishi. Hujambo? Unakula vizuri? Nakuuliza habari za afya kwa moyo mzito kidogo, maana magazeti hayaachi kuandika juu ya ule ugonjwa unaowamaliza vijana wa huko San Francisco, na kila nikisoma namkumbuka mtu mmoja tu. Kama u mzima, niandikie hata mstari mmoja. Kama si mzima, niandikie vilevile.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Theluji imeanguka mapema, imefika ngazi ya tatu ya kibaraza. Ziwa limeganda, lakini bado halijaweza kubeba gari, na tunalijua hilo kwa sababu wapo wajinga wawili waliokwisha kujaribu. Kanisani tumepata mchungaji mpya, kijana, anayecheka akiwa mimbarini. Watu hawajaamua kama jambo hilo linaruhusiwa.

Mama yako anaendelea. Wewe unawajua watu wetu, tukisema mtu anaendelea inaweza kuwa na maana yoyote ile. Alitimiza miaka sabini na mitatu mwezi wa Septemba. Daktari anasema moyo wake umechoka, kwa hiyo baada ya Krismasi ataliacha shamba aje kukaa kwangu mjini. Kaka yako Peder ameshaanza kupanga vyombo kwenye maboksi, na mama yako anakuja nyuma yake akivitoa.

Jumamosi ijayo tunapika lefse za Krismasi, zile chapati zetu za viazi, na itakuwa mara ya mwisho katika jiko lile. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unakumbuka Jumamosi zile, mwanangu? Viazi vilichemshwa na kupondwa tangu Ijumaa. Bibi yako alikaa kwenye kiti chake kando ya jiko, akitusahihisha hata pale tulipopatia. Wanaume wote walifukuziwa bandani wakarekebishe vitu visivyoharibika, na hata baba yako hakuthubutu kuingia mpaka aitwe kunywa kahawa. Ulibaki wewe tu, kwa sababu mama yako hakujaliwa binti na mikono haikutosha. Ulisimama juu ya kigoda na kile kijiti kirefu, ukakipenyeza chini ya chapati nyembamba kama leso, ukaigeuza bila kuichana. Hakuna mwanamke mle ndani aliyekufikia.

Tena ulikuwa ukiwaiga wanawake wa kwaya mmoja baada ya mwingine, mpaka bibi yako akajifuta machozi kwa aproni. Sijacheka tena hivyo maishani mwangu. Hata leo, nikisikia harufu ya unga unaoungua kidogo juu ya chuma, ninarudi kuwa na miaka thelathini na minne, na wote wapo hai.

Halafu ukaja mwaka wa 1962, ukiwa na miaka kumi na mmoja. Mama yako alikuwa ametoka kumwona daktari wa mambo ya akili katika jiji kubwa. Yule bwana alimwambia kwamba mvulana wa namna yako hutengenezwa nyumbani, na mama anayemng'ang'ania mtoto na baba asiyesema neno. Akamwagiza akutoe jikoni upesi, kabla mambo hayajakauka. Jumamosi ile ulipewa glavu, ukaambiwa uende bandani kwa wanaume, na mlango ukafungwa nyuma yako. Mwaka uliofuata mama yako alikuita ukakataa. Ulipofika miaka kumi na tisa ulipanda basi kwenda California, na tangu hapo tumekuona mara moja tu, siku ya kumzika baba yako, nawe ukalala hotelini.

Sasa nikuambie la juzi. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikuwa mezani kwa mama yako. Peder alikuja na gazeti, amelikunja pale anapotaka lisomwe.

"Mama, hebu soma hapa," akasema. "Wataalamu wanabishana. Wengine wanadai mwanamume kupenda wanaume wenzake huenda ni kitu cha damu, kinatoka upande wa mama. Si malezi."

Maskini Peder, alidhani anamtua mzigo. Mama yako aliweka kikombe chini polepole.

"Kwa hiyo bado ni mimi."

"Aa, Mama! Sikusema hivyo."

"Zamani ilikuwa malezi yangu. Leo ni damu yangu. Ngoja, mwakani watasema ni kahawa yangu."

"Mimi nami nilisimama kwenye kile kigoda kabla ya Arvid," Peder akasema. "Miaka miwili mizima. Mbona nina mke na watoto watano?"

"Wewe ulikuwa unaziunguza. Tulikutoa kwa usalama wa nyumba."

"Na hiyo ya baba kutosema? Nani anasema katika kaunti hii? Kama ni kimya cha baba, si tungekuwa hivyo sote, kuanzia mkuu wa shule mpaka muuza mbolea?"

Mama yako akamtazama. "Haya, wewe nani alikufundisha kumpenda Karin?"

"Hakuna mtu," Peder akasema, uso umemwiva. "Nilimwona tu kwenye mashindano ya kuvuta kamba."

Hapo ndipo nilipouliza, "Na Mjomba Engebret je?"

Wewe ulimkuta amezeeka, kwa hiyo nikukumbushe. Engebret alikuwa kaka wa mama yetu. Baba yake alimlea kwa mkanda na jembe, hakuwahi kushika unga hata siku moja, na kama ulikuwapo mwanamume wa kuwafurahisha madaktari, ndiye yeye. Naye aliishi na Nels miaka arobaini. Tulimwita Nels mfanyakazi wa shamba, tukaendelea kumwita hivyo hata baada ya ng'ombe wa mwisho kuuzwa. Niliwahi kufagia nyumba ile mimi mwenyewe. Kitanda kilikuwa kimoja. Engebret alipofariki, Nels alikaa kanisani benchi la nyuma kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsogeza mbele pamoja na wafiwa. Nami nilikuwa benchi la pili, nafasi ipo, nikatazama kitabu cha nyimbo.

Hakuna aliyewahi kuuliza nini kilimfanya Engebret awe alivyokuwa. Tulikula jibini lake, tukampenda, tukafunga midomo.

Mama yako akasema, "Mimi, Borghild, ni mjinga. Engebret nilikuwa naye tangu utotoni, halafu nikamwamini mgeni mwenye miwani." Akaanza kulia, Arvid. Mama yako, ambaye pale makaburini kwa baba yako alitazama saa.

Peder akajaribu kumtuliza kwa lile gazeti lake. Alilisukuma pembeni. "Sitaki tena kujua imetoka wapi. Iwe damu, iwe maziwa, iwe hewa. Nataka kujua kitu kimoja. Yule mtoto, siku ile, alidhani nilimtoa kwa sababu simpendi? Miaka thelathini na mmoja sijathubutu kumuuliza."

Basi hilo ndilo swali, mwanangu, nami nimelibeba kwako kama nilivyolisikia. Sina elimu ya damu, na hao wenye elimu naona bado wanavutana mashati. Mimi naamini ulizaliwa ukiwa wewe, na kigoda hakikukuongeza wala kukupunguza kitu. Lakini mama yako hatalala vizuri kwa jibu langu. Anataka la kwako.

Na kabla hujamjibu, kuna jambo ambalo ni lazima ulijue. Yeye hatakuambia, kwa sababu miaka yote hii amenifichia.

Si yeye aliyetaka kwenda kwa daktari. Nilisoma makala katika jarida moja nikiwa saluni, nikajiona msomi. Nilimsumbua mwezi mzima, mpaka nikamtia garini na kuendesha mwenyewe maili tisini. Na siku ile ya lefse hukwenda moja kwa moja bandani. Ulirudi ukagonga mlango wa jikoni mara tatu. Mama yako alitupa kifimbo cha kusukumia unga akaja mbio kukufungulia. Nilimshika mkono. Nikazungusha ufunguo, nikautia mfukoni mwa aproni yangu. Ndiyo maana ulipoinua macho ulimwona yeye dirishani, amesimama tu. Hakuwa na ufunguo. Ulikuwa kwangu.

Nimeyaandika hayo. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi, nimestahili. Lakini yeye mpigie simu. Na kama unaweza kupanda ndege, Jumamosi tunaanza saa mbili asubuhi.

Peder na Karin wanakusalimu, na wale watano, ambao wanajua sura yako kwa picha tu. Nami nakuomba unisalimie Desmond. Jina lake nimeliona miaka tisa nyuma ya bahasha zako, chini ya la kwako, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika. Mwambie kwenye meza yetu hakuna benchi la nyuma.

Mungu akulinde wewe na wote waliomo nyumbani mwako.

Ni mimi mama yako mdogo, niliyekupenda vibaya na bado nakupenda,

Gudrun