Alijibu Nzuri, Wakaandika Sifuri

Tarehe 6 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na utafiti wenu. Mimi huku mzima wa afya, sina neno, ila nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Simu sikupiga makusudi. Kwenye simu utaniambia uko kikaoni, na leo sitaki kukatizwa.

Nimefukuzwa. Si kazini, maana mashuka ya hospitali bado nayapiga pasi kama miaka yote hii kumi na tisa. Nimefukuzwa kwenye matibabu! Ule utafiti wenu wa sonona na wasiwasi, ambao wewe mwenyewe ulinibembeleza nijiandikishe, umetangaza kwamba nimepona.

Jana Alhamisi nilijipeleka kwa mshauri kama kawaida, kwenye kile chumba nyuma ya maabara chenye viti viwili na feni isiyozunguka. Namkuta amesimama mlangoni na karatasi, macho chini. "Mama, nimeagizwa nafasi yako nimpe mwingine. Alama zako zimeshuka hadi sifuri." Sifuri! Mimi ninayerudi kutoka kituo cha basi mara tatu kuangalia kama nimechomoa pasi!

Unajua kilichonipeleka kule. Baba yako, kaka yangu, alifia wodi ya ghorofa ya pili, na tangu hapo kila Jumatatu mashuka ya wodi ile yanawekwa mezani kwangu. Nikiona tu ile alama nyekundu kwenye pindo, moyo unaanza mbio, mikono inalowa, pumzi hakuna. Nimeshaunguza mashuka saba. Mshauri hakunipa vidonge, alinipa ngazi. Wiki ya kwanza tulitembea mpaka chini ya ngazi ya wodi, tukasimama, nikatetemeka, nikalia, tukasubiri mpaka moyo ukatulia wenyewe. Wiki ya pili tukapanda kidogo. Wiki ya nne nilifika kwenye kona ya katikati, kwa miguu yangu hii. Jana ilikuwa nifike ghorofa ya pili, na Alhamisi ijayo niingie wodini. Sasa mmeniacha pale pale kwenye kona. Ndiyo nini hiyo?

Ulizia huko kwenu nani kaniandikia sifuri. Nina maneno naye.

Shangazi yako

*

Tarehe 13 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hasira zimepungua na mgongo haukusumbui. Mimi mzima wa afya, kazi tu ndiyo nyingi.

Pole sana. Lakini usiwakasirikie wale mabinti wanaopita na maswali, hakuna aliyekuonea. Utaratibu ni kwamba baada ya wiki nne kila mtu anaulizwa maswali tisa. Kila jibu lina alama, kuanzia sifuri kwa asiye na tatizo hadi tatu kwa aliyezidiwa. Asiyefikisha tano anahesabiwa amepata nafuu, na nafasi anapewa mwingine. Wanaosubiri ni wengi, Shangazi. Majina mimi siyaoni, ila hospitali yenu imefanya vizuri kuliko zote: kati ya watu hamsini, arobaini na wanne wamepata nafuu. Daktari Mkuu wa utafiti hashikiki kwa furaha. Mwezi ujao anakwenda kuyasoma matokeo mbele ya wakubwa.

Halafu nikuambie siri kidogo, maana najua utajivunia. Lile dodoso la maswali hayo nililiandika mimi. La mwanzo lilikuwa kavu, eti "Je, umekuwa ukijiona huna thamani?" Nani atamwuliza mtu mzima hivyo? Nikayageuza maswali yote yawe kama tunavyozungumza sisi. Habari za usingizi? Habari za kula? Habari za moyo? Daktari Mkuu alinisifu mbele ya ofisi nzima.

Kwa hiyo usikate tamaa. Huenda umepona kuliko unavyodhani.

Mwanao

*

Tarehe 20 Machi

Wewe mtoto!

Salamu leo hakuna. Na marahaba yako nimekaa nayo, utaipata ukiitolea jasho.

Nimepona kuliko ninavyodhani? Mstari huo nimeusoma mara nne, mara ya tano nikaikunja barua nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Hivi wewe ulilelewa na nani? Si mama yako na mimi? Mtu akikuuliza habari, unajibu nini? Unajibu nzuri! Hata nyumba ikiwa inaungua, unajibu nzuri kwanza, ndipo unaomba ndoo. Ile nzuri ni ya kumkaribisha mtu tu. Habari yenyewe inatoka baadaye, akishakaa, akauliza tena. Jambo hili analijua kila mtu mwenye bibi. Mmekwenda kusoma, mmelisahau.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Binti yenu alinikuta kazini, mvuke kila mahali, karatasi mkononi. Hakukaa. Kaniuliza habari za usingizi, nikasema nzuri. Navuta pumzi nimwambie kwamba sina usingizi tangu kaka yangu aondoke, naye ameshazungushia sifuri, yuko kwenye habari za kula. Nzuri. Habari za moyo. Nzuri, tunashukuru. Mara tisa, dakika mbili, huyoo, kaondoka! Nikabaki na pasi mkononi na mdomo wazi. Mimi nilidhani ananisalimia. Nilikuwa nasubiri maswali.

Mpika chai wetu naye yumo kwenye arobaini na wanne wenu. Alijibu salama mara tisa, akaingia stoo kulia. Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye tangu ile ajali akishika usukani anatapika, kajibu shwari. Mnakwenda kuwasomea wakubwa shwari ya yule mtu? Hamwoni aibu?

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba matibabu yenyewe yanafanya kazi. Yanafanya kazi, mwanangu! Yangekuwa ya uongo ningenyamaza. Mmeyakatiza njiani, halafu mnajipigia makofi kwamba yamefika.

Uliyeandika ni wewe. Rekebisha.

Shangazi

*

Tarehe 30 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri. Mimi mzima wa afya, usiwe na shaka yoyote.

Nisamehe kwa kukaa kimya wiki sita. Barua yako niliisoma ofisini, nikachukua dodoso langu nikashuka nalo getini kwa mlinzi wetu. Ofisi nzima inajua alivyo tangu mkewe aondoke. Nikamwuliza yale maswali tisa nikiwa nimesimama. Alipata sifuri. Kisha nikavuta kiti, nikakaa, nikamwuliza upya: wiki hii umelala siku ngapi? Chakula umekimaliza mara ngapi? Tulikaa saa moja na nusu. Alipata kumi na saba. Shangazi, nilitamani ardhi inimeze.

Nilimpelekea Daktari Mkuu alama zote mbili siku ile ile. Akasema matokeo yameshachapwa, wageni wameshaalikwa. Nikamwambia kuna watu tumewaacha katikati ya ngazi. Akauliza, "Ngazi gani?" Hapo sauti ikanipanda mpaka watu wa vyumba vya jirani wakaja mlangoni. Nikamwambia, "Wewe umepima adabu za wagonjwa, hukupima ugonjwa wao!" Nikamwambia dodoso ni langu na kosa ni langu, na kama yeye hatalisema, nitalisema mimi. Akanyoosha kidole mlangoni.

Nikaiandikia kamati inayosimamia tafiti zetu, nikaeleza nilichofanya, neno kwa neno. Wamesimamisha ule mkutano. Wameagiza watu wote waulizwe upya, kwa maswali yanayotaka hesabu za siku, na muulizaji ni lazima akae. Waliokatishwa wanarudishwa kuanzia tarehe 7 Mei. Mshauri wako ameshapewa taarifa. Utaanzia pale pale kwenye kona.

Mimi kwa sasa nimepata nafasi ya kupumzika kidogo. Hilo lisikusumbue.

Mwanao

*

Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba sana. Hii umeitolea jasho.

Yule binti wa maswali alirudi Jumanne, siku mbili kabla ya ile tarehe 7, safari hii na kigoda chake kwapani. Alipoketi nikajua mambo yamebadilika. Nikamwambia yote, mpaka mashuka saba. Nimepata alama kumi na tisa, nikafurahi kama nimefaulu mtihani! Mpika chai amepata ishirini na moja, na ananiringia. Dereva hakusema amepata ngapi, lakini juzi nilimwona kwenye gari, limezimwa, mikono yake iko juu ya usukani, mshauri yuko pembeni yake. Hakutapika.

Na mimi leo nimefika mlangoni pa wodi. Nimekishika kitasa. Moyo ulikimbia, tukasubiri, ukachoka wenyewe. Kwenye kioo cha mlango nilikiona kitanda cha baba yako, cha tatu kutoka dirishani, kimetandikwa shuka nililolipiga pasi mimi. Halina hata kunyanzi moja. Alhamisi ijayo naingia.

Lakini usidhani hasira zimekwisha. Zimehama tu, zimekuja kwako. Mama yako amenipigia simu. Ameniambia yule Daktari Mkuu bado yuko ofisini kwake, anakunywa chai yake, na wewe ndiye uliyerudisha funguo. Ameniambia wiki ya tatu hii hutoki chumbani, pazia hufungui, chakula kinarudi kama kilivyokwenda, na ukiulizwa unasema umechoka tu. Nafasi ya kupumzika kidogo! Nimezitoa barua zako, nikazipanga mezani. Mzima wa afya. Mzima wa afya. Baba yako tulimzika, siku ya nne ukarudi kazini, kila mtu akakusifu, nami nikiwa wa kwanza. Sikukuona ukilia hata siku moja. Mbona sikuuliza? Nilikuuliza habari, ukajibu nzuri, nikaenda zangu. Nami nilikuandikia sifuri, mwanangu, na sikuwa na dodoso la kusingizia.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi asubuhi nipo kwenu. Usipike, usifagie, usioge kama huwezi. Nitavuta kiti, nitakaa, nitakuuliza hujambo. Utanijibu sijambo, kwa sababu umelelewa vizuri.

Sitaondoka. Nitakuuliza mara ya pili.

Shangazi yako